Msumari Usioonekana Kochini

Fundi wa makochi wa mtaani kwetu aliitwa Kalia, kwa kuwa hakuna kochi lililotoka karakanani mwake kabla hajalikalia na kumaliza kikombe kizima cha chai. Kila mgongo ulipombana kwa kuinama mno, alikwenda kwa muuza dawa jirani, akadungwa sindano ya kutuliza maumivu kwenye tako la kulia. Vidonge vya dawa ile ile alivikataa kabisa.

"Vidonge mpe mtoto," alisema.

Siku ya tatu baada ya sindano ya nne, alikalia kochi jipya, akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Msumari!"

Akalifumua lote, asiuone. Akakalia la pili, akaruka, akalifumua. Kufikia adhuhuri makochi matatu yalikuwa mifupa mitupu, naye, sponji zimemjaa hadi nyusini, alikuwa akipitisha sumaku juu ya kila ubao.

Mkewe alileta chakula, akamgusa shingo.

"Baba watoto, mbona unaungua?"

"Hasira hizo. Kuna mtu ananihujumu kwa misumari."

"Na hivi umesimama, hapo unapochomwa panauma?"

Fundi alifikiri. "Panauma."

"Basi huo msumari unatembea nao?"

Akamgeuza, akamshusha suruali. Ngozi ya tako la kulia ilikuwa imevimba na kung'aa, katikati ina weusi wa zambarau, na uvimbe umeteremka hadi pajani.

"Kochi halipati homa, mume wangu. Vaa, twende."

Hospitalini, daktari wa upasuaji alieleza kwamba sindano ile, japo ni mara chache, huweza kuua nyama inapoingia, na vijidudu vikapata makao humo. Tena dawa yenyewe hupoza homa kwa muda, mgonjwa akadhani amepona.

"Ungelala nyumbani leo, kesho ningeongea na mjane."

"Nitakaa tena, daktari?"

"Kwanza uishi."

Walikata nyama iliyokufa mara tatu, kisha wakaziba kidonda kwa ngozi ya paja la kushoto. Wiki sita alilala kifudifudi, akiwakosoa wauguzi kuhusu ushonaji wa magodoro yao.

Aliporudi aliyaunda upya makochi yote matatu. Akalikalia la kwanza polepole, mkewe akimshikia kikombe. Hakuruka.

"Vipi?"

"Upande wa kulia umebonyea."

"Kochi, au wewe?"

Fundi alipapasa sponji, akajipapasa na mwenyewe, akapima kwa makini.

"Mimi," akasema. "Lete chai."

Akainywa hadi tone la mwisho.