Siku Mia Mbili Bila Maji

Ukoo mzima ulijua kwamba binti yao anasafiri Jumanne. Kaka yake alishatuma namba ya viatu mara mbili, ya pili kwa herufi kubwa. Shangazi alitaka koti. Baba alitaka picha ya binti yake kwenye theluji, ya kumnyamazisha jirani fulani. Kwamba anakwenda ng'ambo walilijua vizuri. Anakwenda kufanya nini, hakuna aliyeuliza. Tusiwalaumu sana. Ukimwambia mtu shahada yako ya uzamivu inahusu konokono, anacheka kwanza, kisha anabadilisha mazungumzo.

Miaka mitatu alikuwa amejichimbia katika chumba cha mwisho cha maabara, chenye dirisha moja na rafu ya makopo arobaini. Kila kopo lilikuwa na konokono mmoja, mchanga mkavu, basi. Alitaka kujua wataishi siku ngapi bila tone la maji. Konokono wa watafiti wengine walikufa siku ya tisini. Wake walifika mia mbili wakiwa hai, wamejiziba ndani ya magamba yao, na profesa mmoja wa ng'ambo akamwalika kwa miezi sita aende nao, ijulikane siri yao ni nini. Safari nzima ilisimama juu ya hiyo mia mbili.

Mlangoni hakuwahi kubandika tangazo la kukataza watu kugusa. La nini, na hakuna anayeingia? Kuna wiki ilipita hajasema neno lolote ila asante, tena kwa muuza chai. Upweke ulimla, yeye akauita kazi.

Ijumaa alasiri, saa ambayo siku zote huwa kwenye semina, alibaki kuwafunga konokono kumi katika pamba. Mama wa usafi akaingia na ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiyo unaondoka? Huko unaenda kufanya nini hasa?"

Miaka mitatu alilisubiri swali hilo! Akaeleza yote kwa pupa, mikono hewani: magamba, mchanga, siku mia mbili. Alikuwa na furaha ambayo hata barua ya mwaliko haikumpa.

Mama akaangua kicheko. "Bila tone? We mtoto, wewe unawasahau tu! Mimi nawanyunyizia kila Ijumaa. Viumbe wa Mungu, wafe kwa kiu na mimi nipo? Jumamosi nikija nawakuta wamepanda mpaka kwenye vifuniko. Nawapangusia ute wao, naacha pasafi. Jumatatu ukiingia wameshalala."

Mia mbili haikuwa mia mbili; haikufika hata kumi. Alitamani kupiga kelele, na alitamani pia kunyamaza, apande ndege yake, maana nani angejua? Akakaa chini.

"Kwani nimeharibu?" Mama hakuwa anacheka tena.

"Hukuambiwa, mama. Hakuna aliyekuambia."

Akafungua kompyuta na kumwandikia profesa pale pale, kabla moyo haujamgeuka: maji yaliingia kila wiki, matokeo hayafai, haji. Akatuma. Alilia kidogo, bila kujificha. Simu ikaita, ni kaka. Akaiacha iite mpaka ikachoka.

Kisha akaanza kuwafungua konokono kutoka kwenye pamba, mmoja mmoja, na kuwarudisha kwenye makopo.

"Naanza upya leo," alisema. "Maji usiwape tena, hata ukiwaonea huruma vipi."

"Nisamehe, mwanangu. Basi hata humu siingii tena."

"Hapana. Ingia."

"Niingie nifanye nini, na kumwagilia umenikataza?"

Kiti cha pili kilikuwa kimebeba vitabu tangu siku ya kwanza. Akavishusha sakafuni, akakipangusa kwa kiganja.

"Ukae tu, mama. Uniulize."