Ukoo wa Ellerthwaite, Tawi la Brussels

Shati la pamba lililolowa kidogo, na pasi ya moto inapita juu yake. Harufu hiyo ikinifikia popote, hata nikiwa kwenye foleni ya mkate, narudi Saint-Josse, mtaa wetu wa Brussels, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Papa alikuwa mpiga pasi. Kuanzia asubuhi alinyoosha nguo za watu kwenye duka moja la kufulia karibu na kwetu, na jioni alirudi na ule mvuke ndani ya sweta yake. Niliwahi kumwambia kwamba ananukia kama shati la mtu mwingine. Alicheka, akasema bon, ndiyo kazi yenyewe.

Tulikuwa wawili tu. Nataka mlielewe hilo vizuri kabla sijaanza kuungama, kwa sababu nitakachoungama hakina utetezi mwingine. Mama alifariki Bujumbura nikiwa bado sijui kumwita vizuri, na Papa, aliyenipata mvi zimeshaanza kumtoka, alinileta Ubelgiji bila shangazi, bila mjomba, bila hata yule binamu wa mbali ambaye kila familia huwa naye na hakuna anayempenda. Juu yetu na chini yetu walikaa Waturuki. Rafiki yangu Elif alikuwa na binamu wengi hata majina ya wengine hakuyajua. Siku ya Idi watoto wale walipanda na kushuka ngazi tangu asubuhi, wakibusu mikono ya wazee na kujaza pipi mifukoni. Sisi tulirudi kutoka msikitini, tukala, tukatazamana.

Mwaka mmoja Papa aliuona uso wangu, akavaa viatu, akatoka nje, akafunga mlango, kisha akagonga. "Hodi wenyewe!" Nikamfungulia. Akaingia kwa adabu zote, akauliza habari za hapa, akalisifu zulia letu, akala halua, akaaga. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Halafu nikajifungia chooni nikalia, na ungeniuliza nalia nini nisingekwambia.

Jina letu nalo lilikuwa kama sisi. Zuhura Ellerthwaite, binti Saidi Ellerthwaite. Walimu walilitazama daftarini, wakanitazama mimi, wakarudi daftarini. Siku zile kitabu cha simu kilikuwa bado kinaletwa mlangoni, kinene, cha kukalia. Watu wa jina la ukoo wa Elif walijaa safu nzima na kumwagikia ukurasa wa pili. Ellerthwaite tulikuwa mstari mmoja. Nilikuwa na tabia ya kuufungua ukurasa ule na kuutazama tu, ati huenda safari hii tumeongezeka.

Basi siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta barua kutoka Uingereza, imeandikwa "Kwa familia ya Ellerthwaite". Familia! Papa alikuwa kazini. Nikaifungua.

Aliyeandika alijiita Geoffrey Ellerthwaite, mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Tangu aache kufundisha, alisema, kazi yake ilikuwa moja: kumtafuta kila mtu duniani mwenye jina lile. Jina lenyewe lilianzia bonde moja la kaskazini mwa Uingereza, mahali ambapo watu wa kale walikata miti fulani ya penye majimaji wapate malisho ya kondoo. Eneo lile lililofyekwa likaitwa hivyo, na waliokaa pale wakaitwa kwa jina la pale. Ukoo haukuwahi kuwa mkubwa. Alikuwa ameambatanisha ramani ya dunia yenye nukta nyekundu za wino: zimesongamana kwenye lile bonde, chache zimevuka kwenda Kanada, mbili tatu zimeangukia Nyuzilandi. Na moja, iko peke yake, juu ya Brussels. Pembeni yake aliweka alama ya kuuliza.

Niliitazama nukta ile mpaka macho yakaniwasha. Mtu nisiyemjua alikuwa amekaa mahali fulani na kalamu nyekundu, akatuhesabu.

Kulikuwa na fomu ya kujaza: baba, babu, baba wa babu, mmezaliwa wapi. Nilijaza nilichokijua kwa Kiingereza cha shule, somo nililoongoza darasani kwa kujipendekeza, nikaipeleka posta bila kumwambia mtu. Baada ya wiki tatu likaja jibu. Mzee Geoffrey alikuwa na furaha isiyo kifani, na angepanda treni Jumapili fulani aje atuone kwa macho yake.

Hapo ikabidi niseme. Papa alisoma barua zote mbili akiwa amesimama, au niseme nilidhani anazitazama tu, kwa sababu sikuwahi kumsikia akitamka neno moja la Kiingereza. Alikuwa na Kiswahili chake cha Kigoma, Kifaransa cha Bujumbura, na maneno matano ya Kituruki ya kusalimiana ngazini. Akakunja karatasi.

"Zuhura, mama, hawa si ndugu zetu."

"Lakini jina..."

"Jina si letu." Akakaa, akanieleza kwa mara ya kwanza. Babu alikuwa dobi wa Mzungu mmoja pale Kigoma, mpima ardhi aliyeitwa Ellerthwaite. Watu wakamwita babu kwa jina la bwana wake, kama mtu anavyoitwa kwa jina la duka analofanyia kazi, na karani wa shule akamwandika Papa hivyo hivyo. Baadaye familia ikahamia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na cheti kile cha shule ndicho kilikuwa karatasi pekee aliyofika nayo Ubelgiji. "Wakaniuliza jina la ukoo. Kwetu Burundi kila mtoto ana jina lake, ndugu watano majina matano. Nilikuwa nimechoka. Nikawapa cheti." Akasimama. "Donc, mzee akija tutamkaribisha vizuri, tutamweleza ukweli, basi. Wewe utatafsiri."

Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha. Mimi wiki nzima nilikuwa nikiiona ile kalamu nyekundu ikirudi kuja kuifuta nukta.

Jumapili ikafika. Papa alikuwa amekwenda mpaka Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Waafrika, kutafuta ndizi za kupika na samaki wakavu, nyumba nzima ikanuka samaki hao, akavaa shati lililonyooshwa hata ungejikata nalo. Mzee Geoffrey alikuwa mrefu, mwembamba, amebeba mkebe wa biskuti na bomba refu la karatasi ngumu. Alipotuona mlangoni alisita kidogo sana, niseme haki, kidogo sana, kisha akanyoosha mkono. Aliona viatu vyetu ukutani, akavua vyake. Soksi yake moja ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia mchana kutwa. Alikula ndizi kwa adabu na woga, akaongeza mara mbili.

Kisha akatoa karatasi kwenye bomba na kuitandaza juu ya zulia, akaikandamiza pembe zake kwa vikombe vyetu. Ulikuwa mti wa ukoo, umeandikwa kwa mwandiko mdogo mzuri wa mwalimu. Nikapiga magoti kuusoma. Matawi yalishuka, yakagawanyika, yakashuka tena, mengine yakaishia kwenye kijistari cha mlalo. Mzee akaeleza: hao hawakuacha mtoto. Kidole chake kikapita juu ya mmoja aliyeitwa Harold. Alikwenda Tanganyika kupima ardhi, akarudi uzeeni, akafa bila mke wala mtoto. Chini yake, kijistari.

Papa naye alikiona. Akaweka birika chini.

"Mwambie," akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "huyu Harold ndiye aliyekuwa bwana wa baba yangu. Baba alimfulia nguo. Jina tulilipata hapo. Mwambie si damu yetu, na atusamehe kwa safari yake."

Mzee Geoffrey alinigeukia, akangoja. Nyinyi mliokulia kwenye nyumba zenye watu mtanicheka, lakini nawaambia niliiona ile kalamu nyekundu ikishuka juu ya nukta yetu. Nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza changu cha darasani:

"Baba anasema huyu Harold alikuwa baba yake. Bibi yangu alikuwa anafanya kazi nyumbani kwake. Hawakuoana."

Sijui niliitoa wapi. Sijawahi kujua. Bibi aliyekuwa mke wa dobi, aliyekufa kabla sijazaliwa, nilimvua nguo mbele ya mgeni, ndani ya pumzi moja, kwenye zulia letu.

Mzee alivua miwani yake. Alimtazama Papa, weusi wake wote, pua yake, mikono yake iliyobabuliwa na mvuke, na nikaona wazi kwamba anaitafuta sura ya Harold na kwamba ataipata, kwa sababu alikuja kuitafuta. Macho yakamlowa. Akamshika Papa mkono kwa mikono yake yote miwili.

Papa aliniangalia. Aliniangalia muda mrefu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

"Haya," akasema Papa. Akaliinua birika, akammiminia mgeni chai.

Mzee Geoffrey akatoa penseli, akavuta mstari kutoka kwa Harold hadi Saidi, na kutoka kwa Saidi hadi Zuhura.

Tangu hapo nikawa na watu. Kila siku yangu ya kuzaliwa ilikuja kadi. Kila Desemba ilikuja barua ndefu ya ukoo: nani kajifungua, nani kavunjika nyonga, kondoo wa nani kashinda mashindano. Nilijigamba kwa Elif kuhusu binamu zangu wa Kanada mpaka akaomba picha. Lakini sasa nilikuwa siwezi kukaa na Papa mezani bila kutazama sahani. Alipoipokea kadi mlangoni, akanipa akisema "babu yako mdogo amekukumbuka," nilihisi kama ananichoma, na nilijituliza kwamba hajui, hawezi kujua. Ajabu ni kwamba nilikuwa mpweke zaidi kuliko zamani. Zamani tulikuwa wawili kwenye upweke mmoja.

Nilikuwa na miaka ishirini Mzee Geoffrey alipofariki. Mpwa wake alituandikia. Nikangoja Papa aseme ana kazi, kama alivyosema kila mwaka walipotualika, lakini akaishusha suti yake kabatini. "Tutakwenda," akasema.

Bonde lilikuwa la kijani na la mvua, na hapakuwa na mti hata mmoja. Baada ya mazishi tulikaa kwenye ukumbi mdogo wa kijiji, wao na chai yao, wengi wao wazee, idadi yao ndogo kuliko nilivyokuwa nimefikiria. Mpwa akauliza kama kuna anayependa kusema neno. Nikasikia kiti kikisogea kando yangu.

Papa alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema. Kwa Kiingereza. Kiingereza kilichonyooka, cha zamani, cha mtu aliyekulia uani kwa Waingereza akiwasikiliza kutwa. Alisema huyu bwana alikuja nyumbani kwake asikomjua mtu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa miaka saba hakusahau siku ya kuzaliwa ya binti yake. Alisema ahsante. Akakaa. Mimi nilibaki nimeshika kikombe, na nilichokuwa nikikisikia si yeye tena bali sauti yangu mwenyewe ya miaka kumi na mitatu, neno kwa neno, ikiingia masikioni mwake.

Nilishindwa kuuliza mpaka tulipokuwa kwenye treni ya kurudi.

"Papa. Siku ile ulielewa?"

"Nilielewa."

"Mbona hukuwahi kukiongea?"

"Kiingereza changu kilikuwa cha kuitikia, ndiyo bwana, hapana bwana. Sikutaka ukisikie."

"Na niliposema vile... mbona hukukanusha?"

Akatazama nje. "Nilihesabu watu ulio nao. Nikajihesabu mimi, nikaishia hapo."

Nikalia mbele ya abiria wote. Akanipa leso, iliyonyooshwa bila shaka. Akasema kwamba kila akitoa salamu ya swala humwomba mama yake msamaha. "Sijui kama amenisamehe. Alikuwa mkali yule."

Kwa miaka mingi nilidhani nimemdanganya Mzungu mmoja aliyetamani kudanganywa, kosa dogo, la kitoto. Kumbe nilichokichukua nilikichukua kutoka kwa Papa, naye alikuwa ameketi pale akiniona nikichukua, akaninyamazia. Mtoto hawezi kujua kitu kama hicho kinabebwaje na mtu mzima. Mimi nimeanza kukijua tangu Papa alipoondoka, miaka miwili sasa, na kazi ile ya kuomba msamaha ikabaki kwangu.

Mti wa Mzee Geoffrey siku hizi uko kwenye mtandao. Mstari wake wa penseli umeshachapwa, na watu wa Kanada wanausoma. Nimemwandikia mpwa aufute, aurudishe ukoo wao ulivyokuwa, na asipojibu nitamwandikia tena. Lakini kufuta hakutoshi. Kwa hiyo nawaambia nyinyi, muwe mashahidi. Bibi yangu aliitwa Mwajuma binti Hamisi, wa Kigoma. Alikuwa mke wa dobi, na hakuwa na mwanamume mwingine.