Ukuta Usio na Maungio

Zege halimwogopi mtu. Likikauka linasinyaa, na likisinyaa litapasuka. Kazi yangu, pale ofisini Shinyanga, ni kuliamulia lipasukie wapi. Unaacha maungio, yaani mifuo iliyonyooka kila baada ya mita chache, na ufa unaingia humo bila kumsumbua mtu. Baba yangu hakuwahi kuielewa kazi hii, na sidhani kama alijaribu.

Ana karasha za kusaga mawe ya dhahabu Nyarugusu, na wake wawili kwenye mteremko mmoja. Mama mdogo yuko juu, kwenye nyumba ya vigae. Mama yangu, mke mkubwa, alikuwa chini, vyumba viwili na jiko la matofali ya kuchoma. Binti wa mama mdogo alipoposwa, baba akataka uwanja wa juu upanuliwe ili wakwe wapate pa kukaa. Udongo ukasukumwa hadi ukingoni, juu ya bati la mama. Nikachora ukuta wa kuuzuia, na niliuchora roho mkononi, maana nilijua nani analala chini yake.

Nilipokwenda kukagua, nilikuta fundi ameshazing'oa mbao nilizoagiza zipigiliwe ili zitoe ile mifuo. Nikamwamkia baba, nikamuuliza kulikoni.

"Wakwe wanaleta ng'ombe hapa," alisema. "Waukute ukuta umekatwakatwa, waseme familia hii imegawanyika?"

"Utapasuka wenyewe, baba. Tena ovyo."

"Wewe mumeo alikurudisha kwangu na begi moja. Leo unanifundisha mambo ya nyufa?"

Mafundi walicheka. Mama mdogo naye alicheka, kisha akaniletea kiti, kwa adabu kabisa. Mama yangu alikuwa pale chini anapepeta mchele wa sherehe ya binti wa mwenzake. Alisikia yote na hakuinua kichwa. Nilimchukia kidogo kwa kunyamaza kule. Zege likamwagwa kwa mkupuo, toka mwanzo wa ukuta hadi mwisho.

Wakwe walikuja, wakala, wakausifu ukuta. Kiangazi kilipokolea ufa ukatokea, umesimama wima juu ya jiko la mama. Baba hakuniita mimi, aliita mpiga plasta. Jamaa akausiliba ufa, na kwa kuwa matundu ya kutolea maji nayo yaliharibu sura ya ukuta, akayaziba vilevile. Nikapiga simu, baba hakupokea. Nikamsihi mama ahamie kwangu.

"Nihame, nyumba yangu nimwachie nani?" alisema. Katika ndoa ile yote, hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akikiita chake.

Mvua zilipoanza, maji yalijaa nyuma ya ukuta yakakosa pa kutokea. Ukuta ukaanza kuinama kuelekea kwa mama, na ule ufa ukaachama hadi mkono unapita. Ndipo baba akapiga simu. Akaniita mayu, yaani mama kwa kilugha chetu, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo.

Nilikwenda, nikapima, nikamwambia njia ni mbili. Ya kwanza, udongo wa juu uondolewe, na uwanja wa mama mdogo uende nao. Ya pili, zijengwe nguzo nene za kuuegemeza ukuta kutoka chini, pale ilipo nyumba ya mama. Nilimwomba achague ya kwanza. Nilimwomba mbele ya mafundi walewale.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kisha akamgeukia mama.

"Fungasha."

Mama alikuwa anatoa sufuria zake jikoni, moja moja, baba alipomwonya fundi: "Na ile mifuo binti yangu aliyoichora, safari hii usiiguse."