Samaki wa Mama Chini ya Mchanga

Baba yangu ni fundi cherehani, na ukitaka kuelewana naye usimwambie jambo la maana akiwa kazini. Mdomoni huwa na pini tano sita, na jibu lake kwa kila kitu ni "mm". Mimi nilimweleza habari za uchumba wangu akiwa anapiga pindo la suruali ya mwalimu mkuu, akasema "mm". Wiki mbili baadaye akauliza mbona nyumba imejaa wajomba.

Mama ni mtu wa samaki. Sebuleni, mahali ambapo wenzetu wameweka kabati la vyombo, yeye ana tangi la kioo la maji ya chumvi, lenye mawe, pampu inayonguruma kutwa na taa inayojiwasha na kujizima yenyewe. Chini ametandaza mchanga laini kama unga, kina cha kiganja. Baba amelilalamikia tangi hilo miaka kumi na miwili: linakula umeme, linaleta unyevu, limechukua nafasi ya meza yake ya kukatia vitambaa. Mama humwacha aseme mpaka achoke.

Samaki aliyemtamani siku zote ni yule anayeitwa chui kwa ajili ya madoa yake ya kahawia, mwembamba, mrefu kama kidole. Ni samaki mwenye mambo mengi. Hudonoadonoa chakula kutwa, na taa ikizimika hujizika mchangani akalala humo mpaka asubuhi. Mwenye duka la samaki alimtafuta miezi saba. Akaja kupatikana Alhamisi, na Ijumaa Mama anaingia hospitali kupasuliwa nyongo.

Alimtia tangini mchana ule, kisha akaenda kusimama mbele ya cherehani.

"Mzee, nisikilize. Huyu ni mgeni, atajificha mchangani, pengine hata wiki mbili. Usimchimbe, usitie mkono. Wewe mkatie tu kamba wabichi, vipande vidogo vidogo, mara nne kwa siku. Umesikia?"

"Mm," akasema Baba.

Katika yote hayo aliambulia kipimo tu. Mafundi ndivyo walivyo, namba huingia na maelezo hupita.

Ijumaa tulipotoka hospitali akaenda kwenye tangi, samaki hayupo. Jumamosi hayupo. Mimi sikujua lolote, maana nilikuwa nashinda na Mama wodini. Upasuaji ulikwenda vizuri, Baba akaomba hata kuuona mshono, akamwambia daktari ana mkono mzuri ila nyuzi angezibana kidogo. Lakini siku ya tatu Mama akapanda homa, wakasema hatoki. Katikati ya homa akauliza, "Samaki wangu je?"

"Chakula kinaisha," Baba akajibu. Kweli kilikuwa kinaisha. Konokono wawili wa Mama waliomo tangini walikuwa wananenepa.

Siku ya tano akaenda dukani kimyakimya, akanunua mwingine wa madoa yaleyale, kwani Alhamisi walikuwa wameletwa wawili. Hakusema kwa nini anamtaka, kwa aibu, na mwenye duka hakuuliza. Akamtia majini, akageuka kutundika koti. Alipogeuka tena, hata huyo hakuwepo.

Siku ya saba nilikwenda nyumbani kuchukua nguo za Mama za kubadilisha, nikamkuta jikoni anakata kamba kwa mkasi wake wa kitambaa. Mkasi ule! Utotoni tulichapwa kwa kukatia karatasi.

"Baba, si mkasi wa vitambaa huo?"

"Kisu kinaponda," akasema. Halafu, bila kuniangalia, "Nimeua samaki wa mama yako. Wawili."

Mimi samaki ninayemjua ni wa kwenye kikaango, kwa hiyo nilimwamini. Nikafungua kabati nikatoa chekecheke la unga, nikamwambia tuuchekeche ule mchanga tuwatoe kabla hawajanuka. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Acha. Sitaki kuwaona."

Akaenda akadondosha kamba kwenye maji matupu, kipande kimoja kimoja, akijihesabia kuwa hiyo ni mara ya tatu. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Mzee mzima, anawalisha maiti.

Homa ikashuka. Siku ya kumi tukamrudisha Mama nyumbani mchana, tukamkalisha kwenye kochi, mito huku na huku, uso kwa uso na tangi lake. Alilitazama kutoka kona hadi kona. Baba akavuta kigoda akaketi mbele yake, akiwa ameligeuzia tangi mgongo, kichwa chini.

"Mke wangu, samaki wako amekufa. Nikakununulia mwingine, naye akafa."

"Umewachimba?"

"Sikuweza. Nilisema nikimchimba nikamkuta amekufa, na wewe umelala kule unatetemeka..." Akakohoa. "Nikaona bora niendelee kumkatia kamba. Nikawa naona nikikosa hata mara moja, hutarudi. Ujinga, najua."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya Mama. Nyuma ya Baba, karibu na jiwe kubwa, mchanga ukatikisika. Ikatokea pua, kisha kichwa, kisha samaki mzima mwenye madoa, akajikung'uta, akaanza kudonoadonoa mawe kama aliyeondoka jana. Punde, upande wa pili wa tangi, ikachungulia pua nyingine.

Nikafungua mdomo. Mama akanifinya paja, finyo la mtu mwenye afya yake.

"Sijashona hata kifungo," Baba akaendelea, macho sakafuni. "Nakaa kwenye cherehani naangalia mlango. Kitandani naweka mto upande wako, halafu naugeukia. Miaka yote hii sikuwahi kukwambia, kwa sababu nilidhani unajua."

Samaki wote wawili walikuwa nje sasa, wanaelea nyuma ya bega lake, na Mama machozi yanamtiririka bila hata kuyafuta.

"Endelea, mzee," akasema taratibu. "Ulikuwa unasema habari za mto."