Nani Kafunga Huu Uchafu?

Kwa miaka arobaini ya kufunga umeme, fundi Fyuzi hakuwahi kuingia kwenye nyumba ya mtu bila kuidharau. Alisimama mlangoni, mkoba wa vifaa begani, akatazama juu, kisha akauliza swali lake lilelile, "Nani kafunga huu uchafu?" Mafundi umeme wenzake aliwaita wababaishaji, wapaka rangi aliwaona walevi, na mafundi bomba hata hakuwahesabu kuwa mafundi. Nyumba moja tu ilisalimika na ulimi wake, ya dada yake mkubwa, kwa kuwa aliifunga mwenyewe.

Sasa mpwa wake, binti wa huyo dada, alikuwa ameng'oa swichi zote za mjomba na kuweka vibao vyeupe visivyo na kitufe, vinavyopokea amri kwa mtandao. Macho ya mama yake yalikuwa yamefifia. Alitakiwa aseme tu "washa", na taa iwake. Iliwaka ilipojisikia. Korido ya nyumba ile haina dirisha, hata saa sita mchana ni giza, na Jumamosi taa iligoma. Dada akajikwaa, akaanguka, kiwiko kikavimba.

"Mjomba, zisipokaa sawa mpaka Ijumaa, mama anahamia kwangu," mpwa alisema. "Sisubiri avunjike nyonga."

Kwa binti ni ghorofa ya sita. Nyumba yake mwenyewe, dada aliijua kwa vidole, kila kona na kila kizingiti, na hakutaka kutoka. "Nisaidie, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. Fyuzi alielewa anaombwa nini.

Alianza kwa kejeli, maana bila kejeli mikono yake haifanyi kazi. "Swichi inayongoja mtandao," alisema. "Kesho mtanunua kijiko kinachongoja mtandao." Akalaumu ruta ya mtandao, akaihamishia koridoni. Taa ikagoma. Akalaumu simu, programu ikafutwa na kuwekwa upya. Ikagoma. Akalaumu kiwanda na wote waliozaliwa humo. Mpwa akaleta swichi nyingine mpya, nayo ikafanya kazi siku moja, kisha taa ikaanza kuwaka na kuzimika yenyewe.

"Mjomba, si tuangalie na waya?"

"Waya nilifunga mimi," alijibu, na kwake hilo lilikuwa jibu kamili.

Alhamisi asubuhi, baada ya kulaumu kila kitu kilichobaki, alitoa balbu ndogo ya kisasa akaweka ya zamani, ile inayounguza vidole. Swichi ikatulia. Aliwasha na kuzima mara ishirini, haikukosea hata mara moja, na hapo akaelewa. Alikuwa na mdomo mchafu lakini alikuwa fundi. Swichi ile hailali, inakesha ikingoja amri, na ili ikeshe lazima ipate umeme. Ilikuwa ikiunyonya kupitia balbu, na balbu ndogo haikupitisha wa kutosha. Swichi ilihitaji waya wake wa nyutro, ule wa kurudisha umeme. Akafungua kibao taratibu. Ndani kulikuwa na nyaya mbili tu, zimezungushiwa utepe mwekundu mara tatu, mkono wake kabisa.

"Nyutro haipo," alisema. "Enzi zile hakuna fundi aliyeipeleka kwenye swichi."

"Mume wangu alikwambia uipeleke," dada alisema.

Kweli alimwambia. Shemeji, mwalimu wa fizikia, alisimama palepale kabla ukuta haujapigwa plasta, akaomba waya mmoja zaidi kila boksi la swichi, kwani nani ajuaye kesho watu watafunga nini. Fyuzi alicheka nusura aanguke ngazini. Alimjibu kwamba aliyeshika chaki asiguse plaizi. Kisa hicho akakisimulia miaka yote, hata siku ya kumzika shemeji, na watu wakacheka.

Angeweza kuiacha ile balbu ya zamani, akafunga kibao na kuondoka na sifa zake. Ingeungua baada ya wiki chache, na dada angekuwa koridoni gizani tena. Fyuzi alishajua maneno atakayosema siku hiyo, kwamba balbu za siku hizi ni takataka. Dada alipapasa ukuta mpaka akafika alipokuwa, akashika ngazi.

"Nani kafunga huu uchafu?" aliuliza, bila hasira.

"Mimi, dada," Fyuzi alisema. "Na shemeji alisema kweli."

Alivuta waya mpya ndani ya kuta siku hiyo yote, hakutukana mtu. Ijumaa dada alisimama mwanzo wa korido akasema "washa", taa ikawaka, akamwambia binti yake arudi nyumbani kwake kwa amani. Kisha akamgeukia mdogo wake, akamwomba afagie plasta aliyoimwaga.