Bibi Aliyefundisha Kuzidisha kwa Mkeka

Mwaka wangu wa pili nikiwa msaidizi wa mwalimu katika shule moja ya msingi ya Arlington, nilipangiwa kukaa na binti wa darasa la tatu aliyesemekana hajui hesabu. Ukimuuliza tatu mara nne, ananyamaza, midomo ikimchezacheza. Siku moja nilimwinamia nikasikia: "Tasi, lua, tolu, fa..." Kumbe alikuwa akihesabu kwa Kisamoa, lugha ya bibi yake aliyemlea.

Wanangu mimi nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Labda ndiyo maana bibi yule alipokuja kumchukua nilimfuata mpaka kwenye gari. "Mjukuu wako anajua hesabu, mama. Sisi ndio hatujui lugha yake."

Alicheka, akaninyooshea kiganja. "Lima. Ni mkono, tena ni tano."

Mwalimu wa darasa akakubali aje kila Ijumaa. Alileta majani makavu ya mkadi, akawafundisha watoto kuzidisha kwa kusuka: manne kwenda, matatu kukatiza, haya, hesabuni miraba. Binti ndiye aliyewatafsiria wenzake, na sauti yake ilifika mpaka viti vya nyuma.

Mitihani ilipokaribia, mwalimu mkuu aliniita. "Ni jambo zuri, lakini mtihani hauulizi mikeka. Tuache kwanza."

Ningeweza kubisha. Nilisema, "Sawa." Bibi nikamwambia mwenyewe, mlangoni, kwamba Ijumaa zimesimama kwanza.

"Nimekosea mahali?" aliuliza.

"Hapana, mama."

Likizo ilipofika walihamia Houston, kwa mtoto wa kiume wa bibi, mjomba wa binti. Miezi michache baadaye nikapigiwa simu: bibi amefariki. Niliendesha gari karibu saa nne kwenda kumzika.

Ndugu walikuwa wakileta mikeka ya heshima, desturi yao msibani, wakiikunjua mmoja mmoja mbele ya jeneza. Mjomba akamwambia binti, "Ihesabu, kama bibi alivyokufundisha." Akaanza vizuri, kwa Kisamoa. Alipofika sita, akakwama. Alitazama jeneza kama anayengoja kukumbushwa.

"Fitu," nilimnong'oneza, saba niliyojifunza kwa bibi.

Akanitazama, machozi yakamtoka, kisha akaendelea kwa Kiingereza hadi mkeka wa mwisho.

Baadaye tuliketi nje, nikamwomba radhi kwa zile Ijumaa zilizokatizwa.

"Alikuwa bado anakausha majani," alisema. "Alidhani mtamwita tena."

Nilimshika mkono.