Maziwa Yaliyovutika

Mpaka leo sili mlenda. Mtu akichovya tonge na ule uzi ukabaki unaning'inia kati ya bakuli na vidole, mimi niko tena Nkololo, nyumbani kwa bibi, mama yake baba. Mnivumilie. Kisa chenyewe hakifai kusimuliwa mezani.

Nilikuwa shule ya msingi. Kiangazi hicho baba mdogo Masanja alioa, akamleta Milembe kutoka Lamadi, binti mpole aliyezoea samaki kuliko ng'ombe. Bibi akamkabidhi kazi ya maziwa: kusuuza vibuyu, kumimina, kufunika. Haukupita muda maziwa yakaharibika. Sisemi kuganda, maana mgando tuliupenda. Jioni yalikuwa maziwa, asubuhi yalikuwa makamasi. Bibi aliinua kata na maziwa yakaifuata kwa kamba ndefu nyeupe, zinayumba tu, hazikatiki. Wala hayakunuka, na hilo ndilo lililonichefua zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga funda moja. Lilishuka kooni kama konokono, mkia wake bado uko mdomoni.

"Kabla huyu hajaja," bibi alisema, "haya hatukuyaona."

Hilo lilitosha. Kwetu mwanamke akishanyooshewa kidole kwa jambo la namna hiyo, jina la uchawi halimtoki. Majirani wakaanza kukataa hata maji ya kunywa mkononi mwake.

Milembe hakulia. Alichukua kikombe, akachota yale yale maziwa, akanywa mbele yetu sote, kisha akamgeukia bibi, ambaye alimwita mayu, yaani mama.

"Kama nimetia kitu, mayu, kinianze mimi."

Uzi ukamning'inia kidevuni. Akaufuta kwa ncha ya kitenge, akachota tena. Kesho yake akanywa tena, na keshokutwa, bibi akimtazama bila kupepesa. Mimi nilikimbilia nyuma ya zizi nikatapika.

Bibi alipotamka kwamba Jumapili arudishwe kwao, baba akaenda kwa bwana mifugo, naye akamwelekeza maabara mjini Bariadi. Tulikwenda kwa pikipiki. Chupa ya maziwa niliipakata mimi, na kila tulipoingia shimoni yale maziwa yalipanda ubavuni mwa chupa, yakashuka taratibu kama kitu chenye uhai.

Maabara tulimkuta dada mmoja mcheshi, glavu mkononi. Aliyavuta maziwa kwa kijiti, akacheka kidogo, akaweka tone la wino mweusi juu ya kipande cha kioo na kuchanganya humo chembe ya ute. Akafunika, akaingiza chini ya hadubini, akarekebisha, kisha akaniita.

"Njoo uone, mtoto."

Nilitarajia funza. Niliona weusi mtupu, na ndani ya weusi vijiduara vingi vyeupe vinavyong'aa, kila kimoja kina kijidudu kama punje katikati.

"Wino umezunguka pande zote," alisema, "ila hauwezi kupenya ule ute wao. Ndiyo maana unaona weupe. Kila mmoja amejivika koti la makamasi. Hayo makoti ndiyo yanayovutika kwenye kata."

Nikakumbuka lile funda. Nikaomba kutoka nje.

Niliporudi alikuwa akimuuliza baba: "Vibuyu mnasuuza kwa maji ya wapi?"

"Ya lambo. Mama anasema ya kisima yana chumvi."

"Na ng'ombe wanakunywa wapi?"

Humo humo. Lambo wakati ule lilikuwa limebaki tope la kijani, ng'ombe wanasimama humo mpaka magotini, wanakunywa na kukojoa. Tangu kiangazi kianze tulikuwa tunaosha vyombo vyetu kwa mkojo wao.

Tuliambiwa tuchemshe maji, na vibuyu vya zamani tuvichome. Bibi alibisha kwanza, maana vingine alitoka navyo kwao alipoolewa. Baba akamweleza habari za lambo, polepole, mara ya pili na ya tatu. Mwishowe alivitupa motoni kwa mkono wake mwenyewe, kimoja kimoja, bila kumtazama mtu.

Maziwa yalirudi kuwa maziwa. Bibi hakuomba radhi, haikuwa desturi yake. Ila asubuhi ya kwanza maziwa yalipomiminika vizuri, alijaza kikombe chake mwenyewe cha bati na kumpelekea Milembe kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu."

Milembe akapiga goti, akapokea, akashukuru.

"Wabeja, mayu. Nimeshiba."

Tangu alfajiri nilikuwa naye tukibangua karanga, na hakuwa ametia kitu mdomoni. Alinipa mimi kile kikombe, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikimsifu moyoni kwa adabu yake.

Yuko pale pale hadi sasa. Amelea watoto wake kwa maziwa ya ng'ombe wale, na mikono yake ndiyo iliyomzika bibi, lakini sijawahi kumwona akiyaonja. Ilibidi nikue, niolewe kwenye nyumba ya watu, ndipo nikajua siku ile alikuwa ameshiba nini.